Kumsoma mwasi kupitia kalamu ya adui yake: jinsi ya kuchunguza uasi wa Hugues du Puiset

Kati ya 1111 na 1118, Mfalme Louis VI wa Ufaransa aliizingira ngome ile ile mara tatu. Ni ngome ya Le Puiset, katika uwanda wa nafaka wa Beauce, kusini-magharibi mwa Paris, na mara zote tatu mwenye ngome alikuwa Hugues III, kabaila wa ukoo wa Puiset. Sehemu kubwa ya habari za uasi wake imetoka kwa mtu mmoja: Suger, mtawa wa abasia ya Saint-Denis, aliyeandika maisha ya mfalme huyo baada ya kifo chake cha 1137. Suger hakuwa mtazamaji tu. Mwaka 1111 alikuwa msimamizi wa Toury, mali ya abasia yake iliyokuwa jirani na ngome ya Hugues, na alipigania mali hiyo yeye mwenyewe. Ukimsikiliza yeye peke yake, umepeleka kesi ya nyani kwa ngedere.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye ardhi, majina na tarehe. Tabia ya Hugues, ambayo Suger anaisema sana, inakuja mwisho, na pengine usiihitaji kabisa.

Tafuta toleo la Suger lenye Kilatini upande mmoja na tafsiri upande wa pili, ramani ya Beauce ya kipimo cha 1:50,000 au kubwa zaidi, jedwali la tarehe za Pasaka kwa kalenda ya Juliasi, na penseli za rangi tatu. Kilatini chako kikiwa dhaifu bado kazi itakwenda, maana unachokitafuta kule ni majina ya watu, vyeo na mahali tu.

Kwanza, ni Hugues yupi?

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa kabla hata ya kuanza. Ukoo wa Puiset ulirudia jina la Hugues kizazi baada ya kizazi, na watatu kati yao waliinuka dhidi ya wafalme watatu tofauti. Wapange hivi:

- Hugues I, babu. Mwaka 1079 alimshinda Mfalme Philippe I, baba wa Louis VI, mbele ya ngome hiyo hiyo. Suger anasema mateka walikuwa pamoja na konti (kabaila mkuu wa jimbo) wa Nevers na wapanda farasi wa vita wapatao mia moja.
- Hugues II, baba mdogo. Alitawala Le Puiset baada ya kaka yake Évrard kwenda Vita vya Msalaba, ambako alifia Antiokia. Kisha naye akaenda Mashariki na kuwa bwana wa Yafa.
- Hugues III, mwana wa Évrard. Huyu ndiye mwasi wetu.
- Hugues wa Yafa, mwana wa Hugues II, kwa hiyo binamu wa mwasi wetu. Yeye alimwasi Fulk, mfalme wa Yerusalemu, mnamo 1134. Ukikuta habari ya Hugues aliyechomwa kisu barabarani Yerusalemu, ni huyu.
- Hugues askofu wa Durham, Uingereza, kuanzia 1153 hadi 1195. Ni mwana wa Hugues III.

Usitegemee namba pekee, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa wa pili kwa Le Puiset na wa kwanza kwa Yafa. Tegemea cheo. Hati za Ufaransa zinamtaja vikonti (cheo kilicho chini ya konti) wa Chartres, kwa Kilatini *vicecomes Carnotensis*. Za Mashariki zinamtaja bwana wa Yafa. Za Uingereza zinamtaja askofu. Cheo kikikosekana, tazama mashahidi: wakiwa ni watu wa Chartres, Étampes na Orléans, uko Beauce.

Kuna mtego mwingine, na huu umewanasa hata waliobobea. Le Puiset kwa Kilatini huandikwa *Puteolum*, lakini jina hilo karibu ni lile lile la mji wa Pozzuoli, karibu na Napoli. Ukitafuta kwa neno hilo kwenye kielezo cha majina, utaletewa vitu vya Italia. Tafuta pia *Puteacum* na *Puisatum*. Toury ni *Tauriacum*, Étampes ni *Stampae*.

Weka ngome kwenye ramani

Kwenye ramani mpya huenda Le Puiset isionekane kama kijiji kinachojitegemea: tangu 2019 imeunganishwa na Janville na Allaines-Mervilliers kuwa wilaya ndogo ya Janville-en-Beauce, katika mkoa wa Eure-et-Loir. Ukiipata, itie alama, kisha pima kwa mstari ulionyooka. Toury iko kama kilomita 5 hadi 6 mashariki. Janville haifiki kilomita 2. Chartres iko karibu kilomita 40 kaskazini-magharibi, Étampes karibu 30 kaskazini-mashariki ya Toury, na Orléans ni kama 35 kusini.

Sasa soma vipimo hivyo kama askari. Kundi la wapanda farasi likitoka Le Puiset linafika maghala ya Toury kwa muda usiozidi nusu saa, na jioni limerudi na mzigo. Barabara ya Paris kwenda Orléans, miji miwili mikuu ya mfalme, inapita kwenye uwanda huo huo. Nchi ni tambarare. Hakuna mto mkubwa wala mlima wa kujificha, kwa hiyo kilima cha udongo kilichorundikwa kwa mikono ya watu kinatosha kumpa mtu macho ya kuona mbali. Suger mwenyewe anatoa ushahidi wa jambo hili bila kukusudia: alipokuwa akirudi Toury wakati Hugues ameizingira, aliuona kwa mbali mnara wa orofa tatu wa Toury bado umesimama, akajua mahali hapo hapajatekwa, kwa kuwa adui angekuwa ameuchoma.

Baada ya kupima utaelewa kwamba si lazima Hugues awe shetani ili awe tatizo. Yeyote aliyekalia kilima kile angekuwa na mkono juu ya nafaka ya abasia, ya askofu wa Chartres, ya kanisa la Orléans na ya konti wa Blois.

Mabwana wawili, kiapo zaidi ya kimoja

Neno "uasi" linabeba mzigo mkubwa, kwa hiyo lifungue kabla ya kulitumia. Katika mfumo wa kikabaila wa karne ya 12, mtu aliweza kuwa na mabwana kadhaa, kila mmoja kwa ajili ya ardhi fulani. Ngome ya Le Puiset ilikuwa chini ya mfalme. Lakini cheo cha vikonti wa Chartres kilimfunga Hugues kwa konti wa Blois na Chartres, Thibaud IV. Chora mishale kwenye karatasi: kutoka kwa Hugues kwenda kwa mfalme, andika "ngome", kutoka kwa Hugues kwenda kwa Thibaud, andika "uvikonti", kutoka kwa Thibaud kwenda kwa mfalme, andika "kiapo". Mfalme na konti wakipatana, Hugues amebanwa. Wakigombana, Hugues ana mlango wa kutokea. Historia nzima ya 1111 na 1112 imo kwenye mishale hiyo mitatu.

Kisha fuata hatua za kisheria, kwa maana mfalme wa wakati ule hakutakiwa kumvamia kabaila aliyemwapia utii hivi hivi. Panapaswa kuwe na malalamiko, wito, hukumu, na mwito wa kukabidhi ngome. Mtu akikataa ndipo jeshi linapokwenda. Katika Suger hatua hizi zipo ila zimefichwa kwenye hotuba. Malalamiko yalianza kwa Thibaud na mama yake Adèle. Mkutano ulifanyika Melun, maaskofu wakalia mbele ya mfalme, na miongoni mwao alikuwamo Ivo wa Chartres, ambaye zamani aliwahi kufungwa ndani ya ngome hiyo hiyo ya Le Puiset. Mfalme akamtuma Suger kuiimarisha Toury kwa askari. Akadai ngome ikabidhiwe, Hugues akakataa, na mzingiro ukaanza.

Orodhesha walalamikaji wa Melun mmoja mmoja, na mbele ya kila jina andika mali aliyokuwa nayo Beauce. Utaona kwamba karibu kila mlalamikaji alikuwa na shamba la kulinda. Hilo haliwafanyi waongo. Linakuonyesha tu kwa nini walifika.

Penseli tatu

Sasa soma sura za Suger kuhusu Le Puiset, si chini ya mara mbili. Mara ya kwanza soma bila kuandika. Mara ya pili tumia penseli. Nyekundu: kila neno la sifa au laana, kila mfano wa Biblia, kila hotuba. Buluu: kila tendo linaloweza kuonekana kwa macho, yaani mtu alienda mahali, alichoma, alibomoa, alitoa mateka. Kijani: kila mahali Suger au abasia yake wanapopata au kupoteza kitu.

Nakili zile za buluu peke yake kwenye karatasi mpya. Hii ndiyo habari yako ya msingi, na itakuwa fupi kuliko ulivyotarajia. Za kijani nakili pembeni, kwenye safu ya pili. Nyekundu ziache kitabuni.

Kosa la kawaida hapa ni kutupa tendo kwa sababu limepakwa rangi nyekundu. Suger akisema Hugues "kwa uovu wake wa kuzaliwa" aliizingira Toury, futa uovu, bakiza mzingiro. Kosa la pili ni kinyume chake: kuamini hotuba kwa kuwa imeandikwa kana kwamba mtu aliinakili papo hapo. Suger aliandika zaidi ya miaka 25 baada ya 1111, akiwa tayari ni abati, yaani mkuu wa abasia (tangu 1122), na mshauri wa wafalme. Hotuba ni kazi ya kalamu yake.

Pia usipime uzito wa tukio kwa urefu wa maelezo. Mizingiro ya 1111 na 1112 imepewa kurasa, maana Suger alikuwapo na Toury ilikuwa mikononi mwake. Ule wa 1118 umepewa mistari michache tu, ingawa ndio uliomuua mmoja wa watu wakubwa kabisa wa ufalme.

Kuujenga upya mzingiro wa 1111

Hapa Suger ni hazina, kwa sababu alijua mahali penyewe. Chora ngome kwa sehemu: handaki nje, tuta juu ya handaki, uzio wa magogo juu ya tuta, uwanja ndani, kisha kilima kilichorundikwa chenye mnara wa mbao kileleni. Kila shambulio liwekee mshale wake.

Mshale wa kwanza ni wa watu wa mfalme kwenye lango. Walisukuma magari yaliyojaa kuni kavu zilizochanganywa na mafuta ya wanyama na damu, wakikusudia kulichoma lango. Mafuta ni ya kuukuza moto haraka. Ulishindikana: waliomo ndani waliuzima, na gari likishakaa langoni bila kuwaka linamzuia mshambuliaji mwenyewe kupita.

Mshale wa pili ni wa Thibaud, upande unaoelekea Chartres. Watu wake walijaribu kuupanda mteremko mkali wa tuta. Walioparamia kwa pupa waliporomoka hadi handakini, na wapanda farasi wa Hugues waliokuwa wakizunguka ndani walikuwa wepesi kufika penye hatari. Zingatia jambo hili la ufundi: uwanja wa ndani ukiwa mpana, farasi wanawawezesha walinzi wachache kulinda uzio mrefu. Shambulio moja moja haliwezi kufua dafu. Lazima yawe mawili au matatu kwa pamoja.

Mshale wa tatu ndio ulioivunja ngome. Kasisi mmoja mwenye upara, aliyekuja na watu wa parokia, aliparamia hadi kwenye uzio akijikinga kwa ubao tu, akajibanza chini yake na kuanza kung'oa magogo kidogo kidogo. Alipoona hakuna anayemzuia aliwaita wenzake kwa ishara, wakaja na mashoka na vyuma. Suger hamtaji jina, nawe usimtafutie. Kinachostahili kuandikwa ni kwamba waliong'oa uzio walikuwa wanavijiji, watu ambao nafaka yao ndiyo iliyokuwa ikichukuliwa, na kwamba jeshi la mfalme lilikuwa na watu wa parokia ndani yake.

Hugues akakimbilia mnara wa kilimani, lakini mnara wa mbao ukishapoteza uwanja wake hauna maji ya kutosha wala njia ya kutokea. Akajisalimisha. Alifungwa Château-Landon, na ngome ikabomolewa.

Tarehe: mahali pa kukosea mwaka mzima

Mwaka mpya haukuanza Januari 1 kila mahali. Waandishi wengine waliuanza Krismasi, wengine Machi 25, wengine Pasaka. Chukua hati iliyoandikwa "Februari 1111". Kama mwandishi alianza mwaka Pasaka, 1111 yake ilianza Aprili 2, hivyo Februari hiyo kwetu ni ya 1112: kabla ya mzingiro inageuka kuwa baada ya mzingiro.

Dawa ni mwaka wa utawala. Louis VI alitawazwa Orléans, Agosti 3, 1108, na hati zake huhesabu kutoka hapo. Februari 1111 yetu iko kwenye mwaka wa 3 wa utawala. Februari 1112 iko kwenye mwaka wa 4. Ukiona "mwaka wa nne", umepata jibu. Baada ya 1115 unapata msaada zaidi, maana hati huanza kutaja pia mwaka wa malkia Adélaïde.

Kipimo kingine ni maofisa wa nyumba ya mfalme wanaotajwa chini ya hati. Mkuu wao, anayeandikwa *dapifer*, alikuwa Anseau de Garlande hadi alipouawa 1118. Baada yake anakuja ndugu yake Guillaume, kisha ndugu mwingine, Étienne. Hati isiyo na tarehe lakini yenye jina la Guillaume haiwezi kuwa ya 1112.

Fedha ukizikuta, kumbuka kwamba livre moja ni sous 20, na sou moja ni denier 12, yaani denier 240 kwa livre. Denier tu ndiyo iliyokuwa sarafu ya mkononi. Nyingine ni za hesabu. Denier ya Chartres na ya Orléans hazikuwa lazima na thamani moja, kwa hiyo usijumlishe kabla ya kuangalia ni za mji gani.

1112: miungano inapogeuka

Rudi kwenye mishale mitatu. Baada ya ushindi Thibaud alitaka kujenga ngome Allaines, kilomita chache kutoka Le Puiset, kwenye ardhi iliyokuwa chini ya mfalme. Mfalme akakataa. Palitolewa pendekezo la kuamua kwa pambano la watu wawili, André de Baudement upande wa Thibaud na Anseau de Garlande upande wa mfalme, lakini halikufanyika. Thibaud, mpwa wa Henry I wa Uingereza, akageuka adui. Mlango wa Hugues umefunguka.

Wakati huohuo Eudes, konti wa Corbeil, alikufa, na Hugues alikuwa mpwa wake mwenye haki ya kurithi. Corbeil iko kando ya mto Seine, mahali mto unapopita kabla ya kufika Paris. Mfalme aliitaka kuliko alivyotaka kumweka Hugues gerezani, basi wakabadilishana: Hugues aliachia haki yake ya Corbeil, akatoa mateka na kuapa kutoijenga upya Le Puiset bila ruhusa, akaachiwa. Wanaosoma kwa haraka huona hapa huruma ya mfalme. Weka penseli ya kijani: ni biashara, na mfalme alitoka na mji.

Hugues alipoungana na Thibaud na kuishambulia Toury, mfalme alikimbilia Le Puiset na mara hii akashindwa, akarudi nyuma hadi Toury. Usiruke kushindwa huku. Suger anakukiri kwa maneno ya kulainisha, na tendo la aibu linalokiriwa na rafiki lina thamani kuliko sifa kumi. Baadaye mapigano yalihamia Janville, Raoul, konti wa Vermandois, akaja kumsaidia mfalme, na Thibaud akaomba njia ya kurudi Chartres. Mshale ukakatika, Hugues akabaki peke yake, ngome ikabomolewa mara ya pili, na safari hii hata visima viliharibiwa.

Ukiandika kuhusu ndoa ya Hugues na Agnès, dada wa Thibaud, usiifanye kuwa chanzo cha muungano wa 1112 mpaka uwe na hati yenye tarehe mkononi. Ndoa inathibitisha ukaribu wa nyumba mbili; haithibitishi ni kipi kilitangulia.

Kwa 1118 karatasi yako ya buluu itakuwa na mistari minne: Hugues aliasi tena, mfalme alizingira tena, Hugues alimchoma Anseau de Garlande kwa mkuki kwa mkono wake mwenyewe, baadaye aliondoka kwenda Yerusalemu na kufia safarini. Katika hatua hii rudia ukaguzi wa majina, kwa maana kutoka hapa mwasi wa Beauce na binamu yake wa Yafa wanakuwa kwenye barabara moja, na kila Hugues du Puiset utakayemkuta Mashariki lazima aulizwe cheo chake upya.